Nyumba Isiyo na Kofia

Jumapili saa tisa alasiri, pita mtaa wowote wa Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, uhesabu. Nyumba mpya yenye geti la chuma, vigae barazani na madirisha ya alminiamu, wenyewe utawakuta uani. Mama kakaa kwenye kigoda chini ya mwembe anachambua mchicha. Baba kavua shati. Watoto wametandikiwa mkeka kwenye kivuli cha banda la kuku. Sebule imefungwa, na humo ndani makochi ya mkopo wa SACCOS yanatazamana na televisheni. Uliza kulikoni, utajibiwa neno moja: joto.

Jambo hili nimeliona miaka mingi nikitembea kutoka kituo cha daladala. Siku hizi naliona vizuri zaidi, kwa sababu na mimi niko uani.

Nyumba hizi tunaziita za kisasa. Fundi anaziita hivyo, dalali anaziita hivyo, na waliokuja kwenye dua ya kuhamia walituombea "nyumba hii ya kisasa" iwe na baraka. Leo nataka kubishana na neno hilo. Usasa wenyewe, ule uliotikisa riwaya, mashairi, picha na majengo ya dunia katika karne iliyopita, haukuwa sura ya kununua dukani. Ulikuwa tabia ya kukihoji kila ulichokirithi: wewe upo hapa kwa kazi gani? Sisi tumechukua sura, swali tukaliacha. Kinachoniuma ni kwamba swali hilo liliulizwa zamani, hapahapa Dar es Salaam, na watu wetu wakalijibu kwa zege, kwa rangi na kwa Kiswahili. Majibu yao tunayapita kila siku tukienda mjini.

KUFICHA BATI

Nianze na aibu yangu. Ramani ya nyumba niliinunua kwa simu. Picha ilivutia: nyumba nyeupe kama boksi la viatu, imenyooka, bati halionekani. Mafundi wanaiita kontemporari, wengine wanasema nyumba ya kuficha bati. Ukuta unapandishwa kozi kadhaa kupita usawa wa dari, bati linalazwa nyuma yake kwa mteremko mdogo, na kati ya bati na ukuta unapita mfereji wa maji. Ukiitazama kutoka barabarani utadhani imemwagwa zege juu. Kumbe ni bati lilelile tulilolizoea, limevaa barakoa.

Siku tunamalizia plasta, bibi jirani yangu, mwenyeji wa Chanika tangu huku kulipokuwa mikorosho mitupu, alipita akasimama. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, huku macho hayatoki kwenye ukuta.

"Mwanangu, nyumba yako mbona haina kofia?"

Nikacheka, nikamweleza kwamba huo ndio mtindo. Akasema, "Haya," kwa ile sauti ya mtu mzima anayekuachia uone mwenyewe.

Masika ya kwanza nikaona. Majani ya mwembe yaliziba tundu la mfereji. Maji yakakosa pa kwenda, yakapanda, yakapenya chini ya bati na kutua juu ya jipsamu. Saa nane usiku kipande cha dari ya sebule kilishuka chote pamoja na taa yake, kikalala juu ya kochi kama mgeni aliyechoka safari. Fundi, ambaye simtaji, alishauri niwe napanda kufagia mfereji kila wiki. Kila wiki! Bati la marehemu baba lilikuwa na upenu wa hatua nzima, na sikumbuki kuona mtu akilifagia.

Huo upenu ndio kofia aliyoiulizia bibi. Ukiuondoa, jua la alasiri linaupiga ukuta wa magharibi bila kizuizi. Tofali la saruji linalimeza lile joto mchana kutwa, halafu usiku mkilala linaanza kulitema ndani. Dirisha la kuteleza nalo lina siri ambayo muuzaji haisemi: hata ulifungue lote, kioo kimoja kinabaki nyuma ya kingine. Umelipia dirisha zima, upepo unapata nusu. Inayobaki ni feni, na feni haiendi bila umeme wa LUKU. Nyumba njema si mlango, walisema wahenga, fungua uingie ndani. Ni nani kati yetu aliyeingia ndani ya ile picha ya kwenye simu kabla ya kuilipia?

Nilijifariji kidogo nilipogundua kwamba mimi si wa kwanza. Mwaka 1931, huko Poissy karibu na Paris, Le Corbusier, mmoja wa mababa wa usanifu wa kisasa, alikamilisha nyumba ya familia ya Savoye: boksi jeupe juu ya nguzo nyembamba, paa bapa. Wanafunzi wa usanifu dunia nzima wanafundishwa nyumba ile. Lakini mama mwenye nyumba alimwandikia mbunifu barua juu ya barua akilalamika kwamba mvua inaingia ukumbini, inaingia bafuni. Kwa hiyo boksi letu la Chanika limerithi hata maradhi. Tofauti ni kwamba yeye Le Corbusier alikuwa anajaribu jambo: alitaka bustani juu ya paa na mwanga mwingi ndani, katika nchi ambayo jua ni mgeni anayengojwa miezi kadhaa. Jua la Chanika ni mwenyeji asiyebisha hodi. Mwenzangu alikuwa anajaribu, mimi nilikuwa naiga.

SWALI LILIANZIA WAPI

Turudi nyuma kidogo, maana neno "usasa" linatajwa sana kuliko linavyoelezwa. Kuelekea mwisho wa karne ya 19, Ulaya ilijikuta na treni, viwanda, umeme na miji iliyofurika watu. Halafu ikaja Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 iliyoua mamilioni. Waandishi wakaona riwaya ya zamani, ile inayoanza kwa ukoo wa shujaa na kumalizikia harusini, haiwezi tena kuibeba dunia ya namna hiyo. Mwaka 1922 James Joyce akachapisha Ulysses, riwaya nene inayowafuata watu wa Dublin kwa siku moja tu, ikiingia hadi ndani ya mawazo yao yanavyoruka kutoka jambo hili hadi lile. Mwaka huohuo T. S. Eliot akatoa The Waste Land, shairi lililovunjikavunjika kama kioo kilichoanguka sakafuni.

Wengine wakageukia vyombo vya ndani. Shule ya Bauhaus, iliyoanzishwa Ujerumani mwaka 1919, ilikihoji kiti, taa na birika: kwa nini vibebe mapambo ya kifalme wakati anayevitumia ni mfanyakazi wa kiwandani? Mwaka 1926 mbunifu Margarete Schütte-Lihotzky akatengeneza jiko la nyumba za wafanyakazi mjini Frankfurt. Alianza kwa kuangalia mama anapika vipi, anatembea hatua ngapi kutoka kwenye sinki hadi kwenye moto, anafikia wapi akinyoosha mkono. Kabati zikafuata baadaye. Jiko la kabati za ukutani tunalolitamani leo ni mjukuu wa lile. Lakini nenda Chanika uone: kabati zinang'aa ndani, na wali unapikwa nje kwa kuni, kwenye mafiga matatu nyuma ya nyumba. Tulinakili kabati, hatua za mama hatukuzihesabu. Laiti tungezihesabu, ramani zetu zingekuwa na jiko kubwa la uani lenye paa na rafu, maana huko ndiko mpishi alipo.

Mkuu wa mradi ule wa Frankfurt, Ernst May, hakuwa mtu wa mbali na sisi. Mwaka 1934 alikuja Tanganyika akalima shamba kaskazini, kisha akahamia Nairobi na kurudia kazi yake. Jengo la KNCU pale Moshi, ushirika wa wakulima wa kahawa, ni lake.

Na kabla ya hao wote, Afrika ilikuwa imeshaingia mlangoni bila jina lake kuandikwa. Mwaka 1907 kijana Pablo Picasso alitembelea makumbusho ya Trocadéro, Paris, akakuta vinyago vilivyosombwa kutoka bara hili. Akatoka ameshtuka. Mchongaji wa kinyago hakuwa ameshindwa kuuiga uso wa mtu. Alikuwa ameamua uso useme nini. Picasso akarudi kwenye picha aliyokuwa nayo mkononi, ile inayoitwa Les Demoiselles d'Avignon, na nyuso mbili kati ya tano akazifanya kama vinyago. Kwa hiyo anayeniambia usasa ni mali ya Wazungu namsikiliza tu. Kwa kiasi fulani tunauziwa maji ya kisima chetu, yametiwa kwenye chupa.

KIVULI CHA KARIAKOO

Shuka kwenye gari pale Kariakoo, utazame juu. Soko lile lilibuniwa na Beda Amuli, mtoto wa kusini aliyesomea usanifu Haifa, akarudi na mwaka 1969 akafungua ofisi yake mwenyewe, Mwafrika wa kwanza nchini kufanya hivyo. Mwalimu Nyerere alilifungua soko mwaka 1975.

Paa lake ni miavuli mikubwa ya zege, kila mmoja umesimama juu ya nguzo yake, umepanuka juu mithili ya mti. Mbuyu wa gulio, ila imepandwa mingi ikagandishwa. Chini yake kuna kivuli, pembeni kuna uwazi, hewa ya moto inapanda na kutoka. Mvua ikinyesha, mwavuli unageuka faneli: maji yanashuka kwa katikati na kuhifadhiwa. Fikiria hilo, wewe ambaye mvua ya masika imekushushia dari. Mvua ileile aliyoificha fundi wangu nyuma ya ukuta, Amuli aliipokea kama mgeni akaipa njia ya kupita.

Hapo ndipo usasa ulipo. Amuli hakuliezeka soko kwa makuti ili lionekane la Kiafrika, wala hakuleta boksi la kioo ili lionekane la Ulaya. Alimuuliza mchuuzi wa nyanya anahitaji nini saa saba mchana. Moto ulipolishika soko Julai 2021, wafanyabiashara walipoteza mali nyingi mno, lakini mifupa ya zege ilisimama, na Serikali ikaamua kulikarabati, haikulibomoa. Nilishukuru, ingawa sikumsikia mtu akitaja jina la aliyelibuni.

Kabla ya Amuli alikuwepo Anthony Almeida, mwenye asili ya Goa, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1921. Alisomea Bombay akarudi kwao. Shule ya St. Xavier ya Chang'ombe aliibuni miaka ya 1950, na Maktaba Kuu ya Taifa, pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ni kazi yake pia. Majengo ya kizazi chake utayatambua: korido zilizo wazi, matofali ya matundu yanayopitisha upepo na kukata jua, mabapa ya zege yaliyotokeza juu ya madirisha kama kope za macho. Mabapa yale wengi wanayaona urembo wa kizamani. Kumbe ni kofia.

Kanuni zao hazikuwa siri, na nyingine bibi zetu walizijua. Pwani yetu ina kusi na kaskazi. Nahodha hatweki tanga bila kujua upepo unatoka wapi. Iweje tutundike madirisha bila kujua? Dar es Salaam jua la asubuhi hupiga kutoka upande wa mashariki na la alasiri kutoka upande wa magharibi mwaka mzima, kwa hiyo kuta ndefu zielekee kaskazini na kusini, zile fupi ndizo ziachiwe jua. Nyumba ya Kiswahili ya Magomeni na Ilala ilikuwa na ukumbi mrefu katikati, mlango wa mbele ukitazamana na wa uani, na upepo ukipita kama mtoto aliyetumwa dukani. Tumeziba ukumbi ule tukaweka ukuta wa televisheni. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Sisemi turudi kwenye udongo na makuti. Namwelewa sana mtu aliyekua akitegea beseni usiku wa mvua, anayetaka nyumba isiyofanana hata chembe na ile ya utoto wake. Heshima nayo ni hitaji la mwanadamu, na jirani akikusifu usingizi unakuwa mtamu. Ila usingizi huo unataka chumba chenye hewa.

VINA VYA KUCHOMEKA

Msomaji atauliza mashairi yanahusiana nini na bati. Yanahusiana mno, na ugomvi wake ulikuwa mkali kuliko wa mafundi.

Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyekuja kuwa Meya wa Dar es Salaam na baadaye Waziri, alichapa kanuni za kutunga mashairi: vina, mizani, beti, utoshelevu. Kilikuwa kitabu cha thamani na bado ni cha thamani. Tatizo likaja pale kanuni ilipogeuka ukuta. Mtu ana mizani kumi na sita za kujaza na wazo la mizani tisa, afanye nini? Anachomeka maneno. Kina kinalia, wazo limelala.

Mwaka 1974 kijana wa Ukerewe, Euphrase Kezilahabi, akachapisha Kichomi, diwani ya mashairi yasiyofuata vina wala mizani. Magazeti yakawaka. Washairi wa jadi wakasema shairi ni wimbo, na lisiloimbika si shairi. Upande wa pili wakasimama akina Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi, ambao Malenga wa Bara yao ilitoka mwaka 1976, wakikumbusha kwamba makabila mengi ya bara yana ushairi mkubwa usiojua habari za vina. Nami naongeza kichokoo: mwaka 1963 Mwalimu Nyerere mwenyewe aliitafsiri tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar, bila kuivisha vina vyetu.

Kezilahabi hakuishia hapo. Nagona, mwaka 1990, na Mzingile, mwaka uliofuata, ni riwaya fupi zilizovunja hata mpangilio wa hadithi. Msomaji anatangatanga humo kama mtu aliyepotea kwenye vichochoro usiku. Alikuwa na jambo ambalo hadithi iliyonyooka isingeweza kulisema. Kabla yake Ebrahim Hussein alikuwa amefanya ujasiri wa namna hiyo jukwaani. Mashetani yake ya mwaka 1971 inaanza na mchezo wa shetani na binadamu chini ya mbuyu, na ukiimaliza unajiuliza shetani ni nani katika nchi iliyokwishapata uhuru.

Lakini usidhani kuacha vina kunatosha. Leo naona vijana wanakatakata sentensi ya kawaida, wanaipanga wimawima, wanaiita shairi huru. Hiyo nayo ni kuficha bati. Kezilahabi aliziacha kanuni akiwa anazijua, na mahali pa kina akaweka taswira na mdundo wa mtu anayesema kweli. Ukiondoa kofia, sema jua utalizuia kwa kitu gani. Mwanangu wa kidato cha tatu alirudi nyumbani na alama ya chini kwa sababu shairi lake halikuwa na vina vya kati. Nikalisoma. Lilihusu foleni ya maji, na lilikuwa baya. Ubaya wake haukuwa vina, ila hilo hakuna aliyemwambia.

RANGI YA BAISKELI

Kwenye picha nitapita haraka, kwa kuwa hapa hoja inajisemea. Sam Ntiro, Mchaga aliyesomea Makerere na London, alichora mwaka 1956 wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, na picha hiyo iko kwenye Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York. Wachongaji wa Kimakonde waliohamia Dar es Salaam wakaacha kumchonga mtu alivyo, wakaanza mashetani yaliyopinda na minara ya ujamaa, watu juu ya watu kutoka gogo moja la mpingo.

Halafu yuko Edward Saidi Tingatinga wa Tunduru. Mwaka 1968 hakuwa na turubai wala rangi za mafuta za wasanii. Alikuwa na vipande vya ubao wa dari na rangi za kupakia baiskeli. Akachora chui na ndege kwa rangi kali isiyochanganywa sana, mandhari nyuma tupu, doa moja pembeni ya lingine, kwa sababu rangi ile haikubali kitu kingine. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi za polisi waliomdhania mhalifu. Miaka minne tu ya kazi, na leo jina lake ni jina la mtindo.

Angalia kichekesho: ubao wa dari, kitu ambacho sisi tunakiweka juu kisha kinatuangukia, yeye alikishusha makusudi akakifanya sanaa.

SAA TISA KIWANJANI

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Kidonda chenyewe kinalipwa na kaya: feni mbili zinazozunguka mpaka alfajiri, fundi wa kuziba mfereji, jipsamu mpya kila baada ya masika, mtoto asiyeweza kusoma chumbani mchana. Ukijumlisha miaka mitano utapata fedha ya upenu, na ya korido, na pengine ya kumlipa mbunifu majengo aje asimame kwenye kiwanja chako kwa nusu siku.

Kwa hiyo wewe uliyenunua kiwanja Buyuni, Zingiziwa au Msongola, na ramani iko kwenye simu, nakuomba jambo moja. Kabla hujachimba msingi, nenda kiwanjani saa tisa alasiri bila fundi na bila dalali. Simama pale itakapokuwa sebule. Angalia jua linakupiga wapi, sikiliza upepo unatoka upande gani, uliza majirani maji ya mvua yanapita njia ipi. Kisha fungua ile picha kwenye simu uihoji.

Mimi wiki iliyopita nimeanza kubomoa ukuta wa juu upande wa magharibi. Bati litatokeza futi tatu. Bibi alipita, akasimama, akaniuliza kama matofali yaliyobomolewa nayauza.